Ngiri na Sheria ya Kucha

Sogeeni karibu, wanangu, mnisikie. Nyani, mkuu wa bonde, alitoa sheria: kila mwenye kucha ndefu azikate.

Ngiri alishangilia kuliko wote. "Mimi nina kwato. Hiyo hainihusu."

"Jirani," akasema Mhanga, "shimo unalolala nililichimba kwa kucha hizi."

"Si limeshachimbika? Kata, bwana, acha maringo!"

Mhanga akafunga shule yake ya kuchimba, akavuka mto na wanafunzi wake. Nyegere, muuza asali, naye akahamisha mizinga yake.

Binti yake Ngiri akafunga mzigo awafuate.

"Si ipo shule ya Nyani hapa hapa?" Ngiri akamsihi.

"Baba, kwa Nyani wanafundisha kukwea miti. Hebu zitazame kwato zangu. Twende wote."

"Nihame kwangu? Thubutu!"

Binti akalia, akaenda.

Masika yakaja, shimo likabomoka, na mchimbaji hakubaki hata mmoja. Ngiri akashuka mtoni, akakuta maji yamefurika. Akampigia binti yake kelele, lakini mvua ilizimeza.

Alipogeuka kurudi, Simba alikuwa njiani, na Ngiri hakuwa na pa kuingia.