Mshirika Anayetaka Kutoka

Tangu riba ifutwe, benki haikopeshi tena. Inaingia ubia nawe, mkagawana faida na hasara. Katika duka la mikate la Mwanakombo, kule Tanga, benki ilikuwa na nusu, na kifaa chake cha ukutani kilisikia kila kitu.

Asubuhi moja kifaa kikasema, "Bi Mwanakombo, tunakuuzia nusu yetu kwa bei ya chini."

"Tia saini upesi!" akashangilia mumewe Mbaruku, huku akikanda unga.

"Mbona mnatoka, na biashara inakwenda vizuri?" Mwanakombo akakiuliza kifaa.

"Hatulazimiki kueleza."

Mbaruku akacheka, kisha akakohoa, kama alivyokohoa wiki nzima. Mwanakombo akakitazama kifaa, kilichosikia kikohozi hicho wiki nzima.

"Nawa mikono, baba watoto," akasema. "Twende hospitali."

Kifaa hakikuuliza watarudi saa ngapi.