Sindano ya Bwana Operesheni

Nesi Eliwaza alimtazama mgonjwa mara moja tu, akajua. Midomo imevimba, mwili umejaa mabaka, pumzi inatoka kwa mluzi.

"Nyigu mmoja tu, dada!" alisema dereva aliyemleta. "Tulikuwa tunashusha paa, watu wahamie kijijini. Kamng'ata hapa shingoni."

"Kuna watu ambao nyigu mmoja huwatosha. Dawa ninayo."

Kichupa cha adrenalini kilikuwa kabatini. Sindano ya kioo ilikuwa kwenye trei, imechemshwa tangu alfajiri, imefunikwa kitambaa safi. Eliwaza akaichukua, akaitumbukiza kwenye sufuria ya maji baridi, ndipo akawasha jiko la mafuta.

"Lazima ichemke dakika ishirini. Ndiyo kanuni."

"Dada, mtu anakufa!"

Zahanati haikuwa na saa. Eliwaza akaketi kando ya kitanda, akaushika mkono wa mgonjwa. Mkanda wa saa yake ulikuwa umezama kwenye nyama iliyovimba.

Aliifahamu saa ile. Mwezi uliopita, huko tambarare ya Same, Bwana Operesheni, kama watu walivyomwita huyu msimamizi wa kuwahamisha, aliitazama mbele ya mlango wa mama yake Eliwaza, akampa yule kikongwe dakika ishirini atoe vyombo kabla nyumba haijachomwa. Mama alitoa chungu, akatoa kinu. Halafu akarudi ndani kufuata blanketi, dakika zikaisha akiwa humo.

Mgonjwa alimkodolea macho. Mluzi ulikuwa umekuwa mwembamba kama uzi.

"Maji yanachemka!" dereva akapiga kelele.

"Vizuri," Eliwaza alisema, akaugeuza ule mkono wenye saa upande wake. "Sasa ndiyo tunaanza kuhesabu."