Kaseti ya Kumi na Moja

"Usikate hapo!"

Damaris aliruka kutoka kwa kigoda, majani ya mboga ya chinsaga aliyokuwa akichambua yakamwagika chini. Sheila, mjukuu wake, akaondoa kidole kwa simu.

"Lakini Magokoro, hapa mwanzo hakuna muziki. Ni babu tu anagonga kikombe. Watu wanataka wimbo."

"Hata kikombe kina mambo yake. Acha ianze vile inaanza."

Kaseti ikazunguka ndani ya redio, simu ikirekodi. Kijiko kiligonga kikombe mara tatu, halafu mwanamume akasema kwa Kikisii, "Kaa chini kwanza, wewe mtu wa haraka." Ndipo saksafoni ikaingia, na mwanamke akaimba kwa Kiamhari, sauti ikipanda pole pole kama mtu aliyebeba kuni mlimani.

Hiyo ilikuwa kaseti ya kumi. Omwenga, mume wa Damaris, aliendesha lori hadi Addis Ababa, na hakuwa mtu wa barua. Kila safari alirekodi salamu, akaongeza wimbo wa huko, akatuma kaseti kwa madereva wenzake, nao wakaiacha kwa duka la Nyasani pale Keroka. Halafu, mwaka wa tisini na mbili, lori likaungua huko mbele ya Marsabit.

Maziko yalifanyika hapa Ekerenyo. Jeneza lilikuwa limefungwa, na jepesi hata vijana wawili walilibeba kutoka barabarani bila kupokezana. Miezi miwili baadaye kaseti ya kumi na moja ikafika. Watu wakasema vitu vya barabarani huchelewa.

Zote zilikaa ndani ya debe zaidi ya miaka thelathini, mpaka Sheila alipozipata na kuweka wimbo mmoja kwa mtandao. Kulipokucha, Waethiopia elfu tisa walikuwa wameusikiliza, na hakuna hata mmoja aliyekuwa Ethiopia.

"Huyu ako Sweden," Sheila alisoma. "Anasema wimbo huu aliusikia mara ya mwisho siku aliyotoroka kwao. Huyu ni wa teksi, Amerika. Amesimamisha gari analia. Wanauliza ingine inakuja lini."

"Na ile sauti? Umewauliza kama kuna anayeijua?"

"Nimeuliza. Wamenipa jina la mwimbaji, na la mume wake, na mtaa alikokulia."

Damaris akatikisa kichwa. "Uliza tena."

Wiki hiyo hakukaa. Alienda kuchuma majani chai akarudi na kikapu nusu. Alipika chai akasahau majani, wakanywa maziwa ya moto. Akiwa huko chini mtoni alipaza sauti, "Sheila! Kuna mtu ameandika?" hata jirani yake Persis akamcheka juu ya ua.

"Damaris, umekuwa Mhabeshi siku hizi? Sabato tukuimbie kwa Kiamhari?"

"Imbeni mnavyoweza. Kwanza Kikisii chenyewe kinawashinda."

Aliyekuwa hacheki ni Duncan, mwanawe, baba yake Sheila. Alikuwa ameleta simiti na vigae kutoka Ogembo, vimepangwa kando ya kaburi nyuma ya nyumba.

"Mama, mimi nilikuwa na miaka mitano tukimzika. Sasa nina mvi, na bado amelala kwa udongo kama mtu asiye na watoto. Mafundi wanaanza Jumatatu."

"Ngoja kidogo."

"Kila mwaka ni ngoja kidogo. Unangoja nini?"

"Mtu mmoja aniambie anaijua ile sauti. Mmoja tu. Akikosekana, Jumatatu jenga. Sitafungua mdomo tena."

"Mwimbaji wa Ethiopia na kaburi la Baba vinakutana wapi?"

Damaris aliokota jani la chinsaga lisilohitaji kuokotwa.

Jumapili alitoa kaseti ya kumi na moja mwenyewe kutoka chini ya debe. Utepe wake ulikuwa umelegea. Sheila akaukaza kwa kalamu, akazungusha taratibu. Kijiko mara tatu. "Kaa chini kwanza, wewe mtu wa haraka." Nyuma ya sauti, mtoto mchanga akalia kidogo, akabembelezwa. Wimbo ukaanza, ukafika mwisho, na utepe ukakatika.

"Huo hatutausikia tena kwa kaseti," Sheila alisema. "Bahati simu imeushika."

"Utume," Damaris akasema, akatoka nje, akaingia, akatoka.

Jumatatu asubuhi koleo zilikuwa zinakwaruza. Mafundi walikuwa wameshachanganya simiti, na Duncan alikuwa akinyoosha kamba kuzunguka kaburi. Damaris alitembea kutoka kwa migomba hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi kwa migomba. Hakufungua mdomo.

Sheila alitoka mbio bila viatu.

"Magokoro! Kuna msichana wa Toronto, anaitwa Hirut. Ngoja nisome. 'Wimbo huu ulipendwa sana na mama yangu. Lakini nisaidieni, huyo anayegonga kikombe ni nani? Baba yangu hugonga hivyo hivyo mara tatu, na kusema maneno hayo hayo, tukikimbilia chakula. Hajawahi kutuambia ni lugha gani. Jioni hii nimemwekea asikie. Ameinuka akatoka nje kwa theluji, bila koti.'"

Koleo zilinyamaza.

Damaris alitafuta pa kukaa. Akakaa juu ya mfuko wa simiti, akanyoosha miguu, akapangusa mikono kwa leso.

"Duncan," alisema, "hivyo vigae peleka kwa zizi la ng'ombe. Hapo chini tulizika mgomba badala ya baba yako."