Mfumo wa Zamani Umekataa

Mfumo ulikataa tena. Kwenye kioo cha kompyuta lilibaki neno moja tu, KOSA.

"Thobias," alisema Adelfina, mkuu wa ofisi, bila hata kuvua koti la mvua. "Hata mbuzi wa kijijini Nyakahura wangekuwa wameshaelewana na huo mfumo."

"Ni mkongwe, dada. Unataka majina yaanze palepale yalipoanzia zamani. Nafasi moja tupu ikizidi kabla ya jina, unakataa orodha nzima."

Programu ya kwanza ya kuupelekea mfumo huo majina ilikufa pamoja na kompyuta yake. Thobias aliajiriwa kuandika nyingine, itakayoorodhesha majina ya wakimbizi wa kambini wanaorudishwa kwao kwa mtindo uleule, ili mfumo huo mkongwe uyasome na kuchapa hati za safari. Bila hati, hakuna lori la kuvuka mpaka wa Kabanga kwenda Burundi. Madereva walikuwa wamechoka kulala uwanjani. Adelfina alikuwa amechoka kupokea simu za wakubwa.

"Jumatatu anakuja mtaalamu kutoka Dar," alisema. "Akikuta bado, kazi huna. Mimi sitakuwa na la kukutetea."

"Nimekuelewa."

Adelfina alipotoka, aliingia Leonsia na chupa ya chai. Alikuwa mkimbizi, mama wa makamo, na wote pale ofisini walikunywa chai yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mashine imekubali?"

"Bado."

"Na macho mekundu hivyo! Utakufia humo."

"Maharage yanaendeleaje?"

Leonsia akacheka. Mvua za kwanza zilipoanguka, alimuuliza Thobias kama afunge mizigo ya safari au apande maharage. Thobias alimwambia apande. Leonsia aliwaambia majirani, na kambi nzima ikapanda.

"Majani yameshakuwa ya manjano. Jua likiwaka wiki hii, Jumapili tunang'oa. Ukirudi nyumbani na gunia kichwani, hata wifi anakukaribisha."

"Na bila gunia?"

"Bila gunia unakaribishwa na njaa."

Thobias akamaliza chai yake polepole, akamrudishia kikombe. Mlango ulipofungwa, alifungua programu yake, ambayo mfumo wa zamani ulikuwa umeshaikubali tangu ile wiki ya kupanda maharage, akatafuta mahali pengine pa kuweka nafasi moja iliyozidi.