Jina Tupu

Wewe ungefanyaje, mtu mzima na wajukuu unao, kama mtu usiyemjua angekuandikia barua akakuita kwa jina lako tupu, bila hata "mama" mbele yake?

Khavere aliishika simu kwa ncha za vidole, kama anayemtoa panya mfu kwenye mtungi wa maji. Barua pepe ilikuwa imeingia tena kwenye anwani ya kwaya. Yeye ndiye katibu, lakini hata mwenyekiti Mirriam huifungua akitaka.

"Khavere," ilisema, "jana ukianika nguo kitambaa kiliteleza, nikaziona mvi zako. Zimekupendeza. Nilitaka kukuambia, ulimi ukakwama."

Hakuna picha ya ua, hakuna rangi, hakuna jina la mwandishi. Maneno matupu kama mifupa.

Alienda kunawa mikono kwa sabuni ya kipande, akainawa tena. Tangu azae kifungua mimba wake, mtaa mzima wa Umoja humwita Mama Mourine. Hata mumewe. Khavere lilikuwa jina la kwenye kitambulisho, na la marehemu mama yake alipokuwa akimwita kutoka mtoni. Sasa limo mdomoni mwa mbwa.

"Ameandika tena," alimwambia mumewe. Wamalwa alikuwa mlangoni na chai yake, kofia ya kiwanda bado kichwani ingawa alistaafu kitambo. "Nasikia kutapika."

Wamalwa aliitazama chai. "Pengine si mtu mbaya, Mama Mourine."

"Si mbaya? Mkeo anachunguliwa kwenye kamba za nguo, na wewe unapuliza chai?"

"Miwani yangu umeiona?"

Khavere alifyonya, akampita.

Dirisha linalotazama kamba lilikuwa la Owuor, mwimba besi, yule aliyefiwa na mke, anayepaka nywele rangi na kujichokoa meno mbele za watu. Alasiri hiyo kwaya ingekutana, na Khavere alitaka atolewe mbele ya wote. Lakini bila ushahidi wangemgeukia yeye, wamuulize: Wewe ulimwonyesha nini hadi akuandikie? Aliwajua wenzake hao, wasingekosa kusema hivyo.

Chumba cha nyuma alipanga Njogu, kijana wa kompyuta. Ndani mlinuka nyaya za moto na soksi.

"Programu yangu ya barua si kama ya simu," Njogu alisema. "Ni ya watu wanaoogopa kuibiwa. Haiamini mtu. Barua ikija na picha, inaziacha nje. Inakuvulia barua yote, unaona imepita wapi na imeandikwa kwa programu gani."

"Hiyo ndiyo nataka."

Njogu alijikuna shingo. "Mama, si ufute tu? Ni kubonyeza mara moja."

"Kinyesi hakifutwi kabla ya kujua nani amekiacha mlangoni. Fungua."

Akafungua sanduku la kwaya mlemle kwenye programu yake. Barua ilitokea nyeusi juu ya weupe, na juu yake mistari mingine mingi, midogo kama sisimizi. Njogu aliiteremsha polepole mno. Khavere hakusoma sana, lakini alichosoma alikisoma vizuri. Aliweka kidole kwenye kioo, akafuata neno kwa neno.

"Hapa wanasema programu iliyoandika. Mbona jina lake ndilo hili lililo juu ya dirisha lako?"

Njogu aliuondoa mkono kwenye kipanya.

"Owuor anayo hii?"

"Hapana, Mama. Hapa plotini ninayo mimi tu."

Khavere alisimama. Aliukumbuka uji wa wimbi aliomletea kijana huyu alipougua malaria, na shuka alizomfulia kwa mikono yake. Akachungulia nje. Kumbe na dirisha hili lilitazama kamba. Mate yakamjaa mdomoni, machungu kama mwarobaini. Aliinama, akavua akala yake, ile nzito ya tairi aliyonunua soko la Kariokor.

"Mtoto ninayeweza kukuzaa. Mchafu wewe. Unanila kwa macho na uji wangu bado uko tumboni mwako?"

"Mama, mimi sikuandika, mimi nili..."

Mlango ukafunguka bila hodi. Wamalwa aliingia kama mtu aliyekizoea chumba, akaenda moja kwa moja mezani na kuuingiza mkono nyuma ya kompyuta. Aliutoa na miwani.

"Nilijua nimeisahau hapa," alimwambia kijana. "Leo unionyeshe ile alama ya kuuliza, naitafuta kila siku siio..."

Akaiona akala iliyoinuliwa. Kisha akaiona barua kwenye kioo.

"Mama Mourine," alianza. Akavua kofia.

"Khavere," akasema.