Maoni ya Watazamaji

"Soma mengine," Mwalimu Kyule alisema.

Wavinya alipitisha kidole gumba juu ya kioo cha simu, akasoma kwa sauti ileile aliyosomea Biblia asubuhi: "Huyu mzee naye angekimbizwa juani mpaka aanguke."

Mwalimu alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake, nje kidogo ya soko la Tulia, macho yake yaliyozimwa na kisukari yakielekea barabarani.

Makala ya video yaliyozua maoni hayo yalihusu wakimbiaji wa mbio fupi. Yalitoka sehemu baada ya sehemu, na kote Kitui na Makueni watu walikuwa wakiyatazama kwenye simu zao. Sehemu ya pili ilimhusu yeye, mwalimu wa shule ya msingi aliyewafunza watoto wa wakulima kukimbia mita mia moja kwenye uwanja wa vumbi, hadi wengine wakavaa jezi ya taifa. Ilimhusu pia Mutindi, msichana wa Kanyangi aliyewapita wote kwa kasi, ambaye alianguka mazoezini na hakuinuka tena. Mbele ya kamera Mwalimu alieleza kwamba asubuhi hiyo alimwona hayuko sawa, akamwambia apumzike, naye msichana akakataa katakata. Alilia akisema hayo. Alidhani watazamaji wangemwelewa.

Wavinya alifika siku chache baada ya sehemu hiyo kutoka. Mke wa Mwalimu alikuwa amekufa zamani na mwanawe alikuwa akifanya kazi Mombasa, kwa hiyo mzee alikuwa akijipikia kwa kupapasa. Wavinya alimwambia kwamba yeye ni mtu wa kanisa, ametazama makala, akaona asikae tu. Mwalimu alimwuliza kama wanajuana.

"Hujawahi kuisikia sauti yangu," alimjibu.

Tangu hapo akawa anampikia, anamfulia, na kumsafisha kidonda cha mguu bila kulalamika. Mwalimu alimshukuru Mungu kwa ajili yake. Ni yeye mwenyewe aliyemwomba awe anamsomea maoni ya watazamaji, na ni yeye aliyemsihi asimfiche hata yale makali. Mara nyingine Wavinya alisita, akasema hayo ayaache. Mwalimu alishika mkono wake akamwambia asome tu.

Maoni yakazidi kuwa mabaya. Mmoja alimwita muuaji. Mwingine aliandika kwamba wazazi wa Tulia wanapaswa kujua ni nani anaishi kati yao. Mwalimu akaacha kwenda kanisani. Pasta alipokuja kumwona, Mwalimu alimwomba Wavinya aseme amelala. Redio nayo ilinyamaza. Wavinya alimwambia mawe yake ya betri yamekwisha, na Mwalimu hakuulizia mengine, maana aliogopa kulisikia jina lake humo.

"Hakuna hata mmoja aliyenitetea?" aliuliza siku moja.

Alisikia kidole kikipita juu ya kioo, kikapita tena, kwa muda mrefu.

"Kula kwanza, Mwalimu," Wavinya alisema.

Hakuweza kula. Badala yake alianza kuzungumza juu ya Mutindi, alivyokuwa akicheka kabla ya kuinama kwenye mstari, alivyokuwa akikimbia bila viatu kwa sababu viatu vilimchelewesha. Wavinya aliacha kuosha vyombo akasikiliza. Kisha akamwuliza jambo moja tu: yeye alimwambia nini mama wa msichana?

Mwalimu alisema hakumwambia kitu. Habari alimpa mtu mwingine aipeleke Kanyangi. Yeye mwenyewe alishindwa kwenda, hata mazishini.

Wavinya alirudi kwenye vyombo vyake.

Ijumaa alimsomea kwa sauti ya chini kuliko kawaida. "Wanasema wanakuja kesho. Wengi. Wamepanga wakutane sokoni, halafu waje pamoja mpaka hapa."

"Kuja kufanya nini?"

"Wamesema utajua wakifika."

Mwalimu aliuliza kama wampigie chifu. Wavinya alisema chifu mwenyewe ni mmoja wa wanaokuja. Mzee akaingia ndani akakaa kitandani, na uji aliowekewa ukapoa hadi ukaganda.

Walikuja Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Kwanza mbwa wa jirani alibweka, kisha Mwalimu akasikia miguu. Ilikuwa miguu mingi, ikikimbia kwa pamoja, ikikanyaga changarawe kwa kishindo, ikizidi kukaribia. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyezungumza. Ilifika langoni ikasimama kwa ghafla.

"Mwalimu!" sauti ya mwanamume ikaita. "Toka nje tukuone!"

Mwalimu alisimama, akapapasa ukuta mpaka akafikia mlango wa chumba. Alimwambia Wavinya asiwafungulie. Awaambie hataki kuona mtu yeyote, leo wala siku nyingine, na kama wana huruma wamwache afe kwake kwa amani.

"Una hakika, Mwalimu?"

"Nenda uwaambie."

Mwalimu akajifungia chumbani kwa komeo. Wavinya alifuta mikono kwenye leso, akavuka uwanja polepole, akafungua lango kiasi cha kupitisha mwili wake tu.

Mbele yake alisimama Kivuva, bingwa wa taifa wa mita mia moja, na nyuma yake wanariadha wote waliowahi kufunzwa na Mwalimu, fulana zao zimeandikwa "Asante Mwalimu", na chifu akiwa ameshika beberu mnono kwa kamba.

Wavinya aliwapa ujumbe neno kwa neno. Kivuva akaichukua kamba ya beberu na kumkabidhi kwa mikono miwili.

"Basi mpelekee wewe," alisema kwa upole, "Mama Mutindi."