Kipaza Sauti Mlangoni

"Kizuri chajitembeza, kibaya kimejifungia ndani!"

Kipaza sauti cha landrova ya Filipo, muuza dawa za mitishamba, kilinguruma tena mbele ya nyumba ya Erasto, karani wa halmashauri, pale Shangani. Nyumba isiyo na mtoto dawa ipo, kilisema. Mizizi kutoka Nanyamba, haijamwangusha mtu.

Jikoni, Elizabeti, mke wa karani, aliinamia sufuria. Jirani yake Modesta akachungulia juu ya ua.

"Shoga, leo imechelewa. Nilidhani imepata pancha."

Elizabeti alicheka kidogo, kisha akajifuta uso kwa kanga. Mama mkwe wake, aliyekaa barazani, hakucheka. Alikwisha kumwambia mwanawe waziwazi: mti usiozaa haumwagiliwi maji. Amrudishe kwao Songea.

Erasto aliamini dawa ya aibu ile ni sheria. Aliiandika kwa mkono wake na halmashauri ikaipitisha: marufuku kutangaza biashara mlangoni pa mtu, isipokuwa wenye nyumba wameita. Wauza sabuni wakanyamaza. Mwenye sinema akanyamaza. Filipo peke yake akaendelea kuja, na kila mara alisimama mlango uleule.

Karani akamshtaki. Akipatikana na hatia, Filipo angenyang'anywa kipaza sauti, na kilikuwa ndicho jembe lake.

Mahakama ya mwanzo ilifurika. Hakimu alimuuliza Filipo kwa nini anadharau sheria. Akajibu kwamba hakuidharau, aliitwa. Na nani? Filipo akatazama miguu yake. Alikuwa ameahidi kutosema.

Watu wakaangua kicheko. Erasto akasema huyu ni mwongo, maana nani nyumbani kwake angejitafutia fedheha? Mama mkwe akamtupia jicho Elizabeti, aliyekuwa ameivuta kanga hadi kwenye nyusi, akasonya.

Hakimu akashika kalamu.

Elizabeti akasimama.

"Mheshimiwa, nilimwita mimi. Nilipimwa hospitali, sina kasoro. Mume wangu nimembembeleza chumbani, kwa sauti ya chini, naye akapimwe. Kila mara ananijibu kwamba mwanamume hapimwi. Basi nikatafuta sauti kubwa kuliko yangu. Radhi siombi."